Radi na Kiti cha Mama

Pale Gerezani, upande ule wa Kariakoo unaonuka oili na mpira, gari halifi kwa uzee. Linachinjwa. Asubuhi linaletwa na boneti yake, milango yake na taa zake zote, na jua likishuka unakuta limebaki bodi tupu. Injini imeshapata mtu Tandika, gia boksi iko njiani kwenda Singida, milango imeegemezwa ukutani inamngoja aliyepata ajali. Wenyewe wanaita hivyohivyo, kuchinja, na hakuna anayeona haya kulisema. Melkiori alikuwa ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Alichinja magari ya watu mpaka hesabu ikampotea, na hakuna hata moja alilolionea huruma.

Ndiyo maana mtaa mzima ulicheka siku alipotangaza anauza gari lake, kisha akawa anamwambia kila anayefika kuliangalia kwamba anamuuzia mtu wa kuliendesha tu, hauzi kwa mchinjaji. Jamani! Mchinjaji mwenyewe si ndiye yeye?

Lakini tumtendee haki, maana si mtu wa makuu. Alitoka Rombo kijana, akaja kwa mjomba wake Kariakoo, akaanza kwa kupanga nati na bolti kwenye makopo ya maziwa. Leo ana duka lake la spea zilizotumika, ana nyumba ya kupanga Magomeni, ana watoto wawili na mke, Blandina, mwanamke wa Ndanda huko kusini, ambaye anauza mitumba Mchikichini na ana ulimi usiolala. Wateja wanamwita Mangi kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka, naye anaitika. Bia zake ni mbili, hazijawahi kuwa tatu. Nyumba ndogo hana. Simu yake anaiacha mezani, anayetaka aisome. Mtu wa hivyo lazima awe na pa kupotelea, na Melkiori alipotelea kwenye Subaru.

Lilikuja kutoka Japani Subaru ya kawaida, ya buluu, gari la mwalimu au nesi. Melkiori na fundi wake Jovin, kijana wa Bukoba mwenye vidole vyembamba na maneno machache, wakalishughulikia miaka sita. Kila gari la maana lililoletwa kuchinjwa, Melkiori alilitupia jicho la kwanza. Turbo ilitoka kwenye gari lililogonga mti. Breki za mbele zilitoka kwa marehemu mmoja tajiri ambaye wanawe walishindwa kuelewana. Gia boksi ya gia sita, rimu za rangi ya dhahabu, usukani mdogo, viti viwili vya mashindano vyenye mikanda ya kupita mabegani, spoila pana nyuma, vyote vilitoka kwenye magari ya wengine, kimoja leo, kingine mwakani. Bomba la moshi lilikuwa pana, ngumi inaingia bila kukwaruzwa. Wakalishusha chini, watu wa Gerezani wakawa wanasema sisimizi akitaka kupita chini yake anainama. Mwishoni wakang'oa kiti cha nyuma ili gari liwe jepesi, mahali pake wakafunga vyuma vya kulikinga paa. Kile kiti Melkiori akakifunga nailoni, akakipandisha darini pale dukani, akakisahau.

Likiwashwa asubuhi Magomeni, vikombe vya kabatini vinagongana. Majirani waliliita Radi, na kwanza walinung'unika, kisha wakazoea, kisha wakawa wanaringa nalo kwa watu wa mtaa wa pili. Blandina alikuwa akisikia Radi inaunguruma kule kituo cha Usalama ndipo anapakua chakula, na Melkiori akifika mlangoni anakuta ugali bado unatoa moshi. Alilipenda gari lile, hakuna sababu ya kuficha. Barabara ikiwa wazi Jumapili alfajiri, akikanyaga mafuta na kusikia turbo inavuta pumzi, Melkiori wa nati na bolti alijisikia mtu.

Tatizo ni kwamba lilikuwa gari la mtu mmoja na nusu. Familia ikienda kanisani, yeye anatangulia na Radi, Blandina na watoto wanafuata kwa bajaji. Na matuta ya Magomeni yalivyo, Melkiori lazima ayapande kwa ubavu, gurudumu moja moja, taratibu, la sivyo linakwangua tumbo. Bajaji inamfikia. Bajaji inampita. Watoto wanampungia baba yao mkono, na Blandina anatazama mbele kama hamfahamu. Mvua zikinyesha na maji yakijaa Jangwani, Radi inalala dukani na mwenyewe anarudi kwa miguu, viatu mkononi.

Haya yote Blandina aliyageuza kichekesho, na ndoa ikaendelea. Kilicholitia gari doa ni Krismasi ya mwaka juzi.

Mwezi wa kumi na mbili Mchaga haulizwi anakwenda wapi. Mji unapungua, maduka yanafungwa, na barabara ya kaskazini inajaa magari ya watu wanaokwenda kula sikukuu kwao. Ukienda na gari, gari linatazamwa. Melkiori alikuwa akienda kwa basi miaka yote, mwaka ule akasema hapana, safari hii nakwenda na Radi. Blandina na watoto wakapanda basi. Mama yake, Bibi Selina, akapigiwa simu akaambiwa, mwanao anakuja na gari lake mwenyewe, atakupeleka misa ya Krismasi.

Bibi Selina akavaa kitenge kipya, akafunga kilemba, akatoka kusimama getini. Majirani wakaja kusimama naye. Nyumba iko juu, lami iko chini, na kati yao kuna njia ya udongo yenye mawe na makorongo. Mama akaanza kusikia ngurumo kutoka mbali kule bondeni, akawaambia watu, huyo ni Melkiori, huyo anakuja. Ngurumo ikapanda, ikakaribia, ikafika pale njia inapoacha lami. Ikazimika. Watu wakasubiri. Baada ya muda Melkiori akatokeza kwenye kona amekaa nyuma ya bodaboda, begi mapajani, vumbi mpaka kwenye kope.

Mama akampokea begi. Asubuhi ya Krismasi akateremka kwa miguu kwenda misa, taratibu, ameshika fimbo, magoti yake yalishaanza kumsumbua. Pale lamini akalikuta Radi limezungukwa na watu. Melkiori akamfungulia mlango kwa furaha zote, akasema kutoka hapo mpaka kanisani ni lami, mama apande. Mama akainama, akachungulia ndani. Akaona kiti cha mbele kimezama chini kama beseni, mikanda minne inaning'inia. Akatazama nyuma, akaona vyuma.

"Mwanangu," akamwambia, "gari lote hili, mama anakaa wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kisha akaendelea na safari yake kwa miguu, na Melkiori akamfuata kwa miguu vilevile, kwa sababu hakuwa na sura ya kupita na gari mbele ya mama yake.

Nyumbani siku hiyo akachinja mbuzi, kwa kuwa baba alishafariki na kisu ni chake. Kwa ukoo wao mbuzi wa Krismasi hapikwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe: kidari ni cha mkubwa wa ukoo, mkono wa mbele ni wa mjomba, shingo ni ya aliyeshika kisu, mgongo ni wa mama. Ukikosea kugawa, watu wanaondoka bila kuaga, na mwakani bado wanalisema. Melkiori aligawa vizuri, mgongo akampelekea mama kwa mikono miwili. Mama akaupokea, akashukuru. Lakini lile swali lilikuwa limeshamkaa Melkiori kooni, na mwaka mzima uliofuata hakulimeza.

Basi mwaka jana, mwezi wa kumi, Blandina alikuwa anaongea na mama mkwe wake kwa simu, mambo ya kawaida, mahindi, mvua, watoto. Alipokata akamgeukia mumewe, na safari hii hakutania. Mama alikuwa amesema kwamba Krismasi hii atasali nyumbani. Magoti hayashuki tena mlima, na bodaboda anaiogopa. Alilisema kama habari ndogo, halafu akauliza bei ya sukari Dar.

Mnajua Bibi Selina ni nani? Ni mama ambaye hajakosa misa ya Krismasi tangu alipokuwa binti, mvua au jua, mimba au msiba. Melkiori aliinuka mezani bila kumaliza chakula. Asubuhi yake akamwita Anuari, dalali wa Magomeni, akamwambia Radi inauzwa. Anataka gari la juu, la kupanda mpaka getini kwa mama, kabla ya safari ya Desemba. Sharti lake akalitaja palepale: mnunuzi awe wa kuliendesha, si wa kulichinja.

Anuari ni dalali kweli, anaweza kumuuzia samaki maji. Wiki ile ile akaleta watu. Lo, watu! Wa kwanza alikaa ndani nusu saa akijipiga picha, akashuka, akashukuru, akaondoka. Wa pili alileta mchumba wake, mchumba akashindwa kuingia na gauni lake, biashara ikaishia hapo. Wa tatu alitaka kubadilishana na kiwanja Mkuranga ambacho mwenyewe hakuwa na uhakika kiko wapi. Wiki zikapita, mwezi wa kumi ukaisha.

Mtu wa maana alikuwa Wilbert, mfanyakazi wa ofisi moja huko Posta, shati jeupe, miwani, sauti ya upole. Alilizunguka Radi kimya, akaweka kiganja kwenye boneti, akaomba liwashwe. Lilipounguruma alifumba macho. Melkiori alimpenda hapo hapo, akajua huyu atalitunza. Ila Wilbert alikuwa mkweli: hela yake ingekuwa tayari mwezi wa pili, baada ya sikukuu. Aliomba kungojewa. Melkiori akatamani kumngoja, na akimngoja, mama anasali nyumbani.

Mtu wa pili wa maana alikuwa Vitalis, mwenye godauni kubwa la spea pale pale Gerezani, ambaye anachinja magari kwa jumla kama kiwanda. Vitalis hakuomba liwashwe. Alilitazama kama anavyotazama yote, akataja bei ya chini isiyo ya kutukana, akasema analichukua wiki hiyo hiyo, taslimu. Vipande angevipakia kwenye lori kwenda mikoani, na bodi angewapa watu wa chuma chakavu. Melkiori akamwambia atamjibu, akaingia dukani, akakaa juu ya debe. Miaka yote amekuwa upande wa pili wa mazungumzo yale, wala hakujua kwamba mwenye gari naye huumia.

Siku mbili alitembea hivyo, anarudishia wateja chenji isiyo sawa. Blandina alipomletea chakula mchana pale dukani akamkuta ameegemea Radi mikono kifuani. Akaweka hotpoti juu ya boneti, jambo ambalo siku nyingine lingezua ugomvi, na Melkiori hakuona hata.

"Baba Rachel," akasema, "hebu niambie. Mbuzi wa Krismasi kwenu huwa mnamuuza mzima kwa mwenye bucha?"

Melkiori akamwambia hapana, tangu lini.

"Kwa nini?"

"Mwenye bucha hajui nani apewe nini."

Alilisema bila kufikiri, kisha akajisikia amelisema. Blandina alishafunua hotpoti anapakua wali, hana habari naye. Melkiori akatazama turbo ya yule aliyegonga mti, akatazama breki za yule marehemu, rimu, usukani, spoila. Hakuna hata kimoja kilichozaliwa pamoja na mwenzake. Kilichokuwa kinamtisha si kisu. Kilichokuwa kinamtisha ni mgawo wa mtu asiyewajua wenye vipande. Na isitoshe, kila mtu Gerezani anajua kwamba gari kama lile likiwa zima lina mnunuzi mmoja wa kubembelezwa, likifunguliwa lina wanunuzi mtaa mzima. Alikuwa akilijua hilo siku zote, fahari tu ndiyo iliyomziba masikio. Akala wali wote, akakwangua na chombo.

Akampigia Vitalis simu akamshukuru. Akafuta usajili wa gari kama sheria inavyotaka. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi anachinja mwenyewe, na kwamba atagawa yeye.

Jumamosi Jovin alikuja amevaa shati safi la kola, kama mtu anayekwenda kuzika. Akasema yeye spana ya kwanza haishiki, na macho yake yalikuwa mekundu. Melkiori hakumcheka. Mnunuzi wa injini iliyotumika huwa anataka kuisikia ikiwa bado mahali pake, kwa hiyo akapanda, akawasha. Watu wakatoka madukani, mama ntilie wakaacha sufuria, mpaka mafundi cherehani wa ghorofani wakachungulia madirishani. Melkiori akakanyaga mafuta mara moja, kwa nguvu, mtaa ukatetemeka, watu wakapiga makofi. Akazima. Akashuka, akachukua spana, akalegeza bolti ya kwanza mwenyewe, na moyo wake ulimuuma, kisha ukatulia.

Kidari kikawa cha Jovin, maana ndiye aliyelilea gari. Injini na turbo vilikwenda kwake kwa bei ya mtu na ndugu yake, afunge kwenye gari lake ambalo lilikuwa likisukumwa zaidi ya kuendeshwa. Wilbert alipigiwa simu, akaja kutoka Posta na shati lake jeupe akidhani anakuja msibani, akaondoka na usukani, rimu za dhahabu na breki, akavifunga kwenye gari lake dogo la adabu, na mpaka leo walinzi wa ofisini kwao wanampigia saluti. Viti vya mashindano vilichukuliwa na Steven, kinyozi wa Magomeni, ambaye sasa anawafunga wateja mikanda yote minne kabla ya kuwanyoa, na watoto waliokuwa wanakimbia wembe siku hizi wanapanga foleni. Gia boksi ilimfuata mtu wa Morogoro. Anuari naye alisimama pale hajaitwa, kwa sababu dalali hakosi chake, akapewa spoila. Ameipigilia ukutani kwenye kijiwe chake, watu wanaweka vikombe vya kahawa.

Hata Vitalis alipita jioni. Akatazama kilichobaki, akainunua bodi, akasema Mangi amemnyima biashara lakini kazi aliyofanya ni safi. Kutoka kwa Vitalis hiyo ni sifa kubwa.

Kikabaki kitendawili cha mgongo. Watu walikuwa wameushika ule utani wa mbuzi, kila mmoja anabishana mgongo wa gari ni upi. Jovin alisema ni chasi, Anuari alisema ni paa. Melkiori akapanda darini kutafuta kopo la nati, mkono wake ukagusa nailoni. Akaivuta. Akaifungua. Kilikuwa kile kiti cha nyuma cha Subaru, kitambaa chake kizima, hakina doa, maana tangu kipandishwe kule darini hakuna makalio ya binadamu yaliyokikalia. Melkiori akakaa juu yake mle darini, ameinamisha kichwa kwa sababu ya bati, na aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Gari lilikuja kwake na nafasi ya mama. Yeye ndiye aliyeitoa ili likimbie.

Akakishusha mwenyewe, hakumruhusu mtu kumsaidia. Akawaambia walioko chini kwamba hiki hakiuzwi, huu ndio mgongo.

Bomba la moshi likawa la mwisho, limelazwa chini, halina mwenyewe. Akatokea Benedict, mwenye kirikuu cha kubebea mizigo, yule anayemletea Blandina marobota ya mitumba Mchikichini. Bomba la kirikuu chake lilikuwa limeoza, amelifunga kwa waya. Akauliza kwa woga kama hili lingeweza kukatwa likaingia. Jovin akamwangalia kama ametukana ukoo. Melkiori akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema mfungieni.

Akanunua Noah ya kijivu, gari la juu, lisilo na jambo lolote la kusimulia. Safari ile walikwenda wote gari moja, Blandina mbele amevua viatu, watoto nyuma wanagombania dirisha, na kiti cha Radi kimefungwa juu ya keria. Walipofika pale njia inapoacha lami, Melkiori alishika usukani kwa nguvu, akasali kimoyomoyo, akakata kona. Noah ikapanda. Ikayumba kwenye makorongo, ikakanyaga mawe, ikapanda mpaka getini. Hapakuwa na mtu aliyesimama kuwasubiri. Bibi Selina alikuwa jikoni anapepeta, akashtukia wajukuu wamemkumbatia kiuno.

Akatoka nje, akalitazama gari, akauliza mbona hawakusikika, yeye ametega sikio tangu asubuhi. Melkiori akamwambia lile lenye kelele halipo tena. Akashusha kiti kutoka kwenye keria, akakiweka barazani, na mbuzi alipochinjwa akampa mama migongo yote miwili. Mama akakaa kwenye kile kiti, akajisogeza, akapapasa kitambaa pembeni yake, pakabaki nafasi ya mtu mwingine. Blandina akakaa hapo.

Asubuhi ya Krismasi Bibi Selina alitoka na kitenge chake na kilemba chake, akapanda Noah kwa miguu yake mwenyewe, akakaa mbele, Blandina akarudi nyuma na watoto. Wakaanza kuteremka. Melkiori alikuwa anaendesha kama amebeba mayai, amejaa furaha. Wakapita kwa jirani wa kwanza, watu wapo uani, hakuna aliyeinua kichwa. Wakapita kwa wa pili, vivyo hivyo. Mama akamgusa bega.

"Melkiori, piga honi. Watajuaje kama nimepita?"

Akapiga honi. Akaipiga kwa kila nyumba mpaka kanisani, na Bibi Selina akawa anawapungia watu mkono mmoja baada ya mwingine, kwa majina.

Sasa ni Januari, biashara ni ya kutafuta kwa tochi, wazazi wote wamelipa ada. Juzi Melkiori amekaa mlangoni pa duka lake anatoa kutu kwenye beringi, akasikia Radi. Akainuka kabla hajajua anainuka. Ngurumo ikaja kutoka upande wa Msimbazi, ile ile, nzito, inayopita kifuani, watu wakaanza kusogea pembeni wakitafuta gari la mashindano. Likatokeza kirikuu cha Benedict, kimeelemewa na marobota mpaka kimekaa mkao wa mbuzi mwenye mimba, kinaunguruma kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mbele, karibu na dereva, amekaa Blandina, mkoba mapajani, anatazama mbele kama mke wa waziri.

Melkiori akatoa simu, akampigia mama. Mama akapokea, akamwambia yuko barazani, kwenye kiti chake. Melkiori akamwamkia, akamwomba asikilize, akanyoosha simu kuelekea barabarani mpaka kirikuu kikapita na kupotea.

"Si uliniambia umelichinja?" mama akauliza.

"Nililichinja, mama. Hilo ni bomba lake tu, liko kwenye kirikuu cha mizigo."

"Na ndani yumo nani?"

"Dereva, na Blandina amekaa mbele. Nyuma marobota yake."

Bibi Selina akapapasa kiti chake huko Rombo.

"Afadhali," akasema. "Sasa lina pa kukaa watu."